SOMO: KUTUNZA KIDONDA BAADA YA UPASUAJI MDOGO

Mtu akipasuliwa jipu, akishonwa jeraha la panga au akitahiriwa, mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kazi ya mganga imekwisha. Inayobaki ni ya mgonjwa na jamaa zake.

Kwa nini tuwe waangalifu?
Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na mavi ya ng'ombe, vitu visivyokosekana kuanzia Kikagate hadi Nakivale. Mwaka 2011 Uganda ilitangazwa kuwa imetokomeza pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Lakini vijidudu bado vimo udongoni, na wanaume hawapati ile chanjo ya wajawazito. Huduma ya tohara ilipoenezwa kuanzia mwaka 2010, baadhi ya waliotahiriwa walipata pepopunda, na wengine walikufa. Basi uliza habari ya chanjo kabla ya kupasuliwa.

Nyumbani fanya hivi:
1. Acha bandeji ya kwanza ikae kavu kwa muda ulioambiwa, kwa kawaida siku 1 hadi 2.
2. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda.
3. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya Ziwa Nakivale au ya mto Kagera yasitumike bila kuchemshwa.
4. Kausha taratibu, funika kwa kitambaa safi kilichofuliwa na kuanikwa juani.
5. Jipu lililopasuliwa huachwa wazi makusudi ili usaha utoke. Usidai lishonwe. Rudi kubadilishiwa dawa kila siku unayopangiwa.
6. Meza dawa zote ulizopewa, hata kama maumivu yamekwisha.

Usifanye hivi:
- Usipake samadi, udongo, majivu wala mafuta ya gari.
- Usifungue kapsuli na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Dawa hiyo ni ya kumeza.
- Usikamue kidonda wala kubandua kigaga.

Kutoa nyuzi
Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, za mikononi siku 7 hadi 10, za miguuni siku 10 hadi 14. Nyingine huyeyuka zenyewe, uliza. Ukishonwa Mbarara, si lazima urudi huko. Peleka daftari lako la matibabu kituo cha karibu.

Dalili za hatari
Rudi upesi ukiona uvimbe unaongezeka, wekundu au joto linaenea, usaha, harufu mbaya, homa, au damu isiyokoma baada ya kukandamiza dakika 10. Taya likikaza, shingo au mgongo ukikakamaa, usingoje kuche, hata kama kidonda kimekauka. Pepopunda huanza kwa kawaida kati ya siku 3 na 21.

Ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001. Usikae nyumbani kwa kuogopa gharama.

Maswali ya kujikumbusha
1. Kwa nini jipu lililopasuliwa halishonwi?
2. Taja dalili mbili za pepopunda.
3. Nani nyumbani kwako hajapata chanjo?