Makovu ya Ndani Baada ya Upasuaji wa Tundu Dogo

Kovu la ngozi ni dalili ya jeraha lililopona. Ndani ya tumbo, hata hivyo, kovu laweza kuwa chanzo cha maradhi mapya.

Viungo vya tumbo na nyonga hufunikwa na utando uitwao peritonea, ambao uso wake una tabaka moja tu la seli. Utando huo huviwezesha viungo kuteleza bila kugandana. Unapochubuliwa, majimaji yenye fibrinojeni huvuja kutoka katika mishipa ya damu, nayo fibrinojeni hugeuka kuwa nyuzi za fibrini zinazonata. Nyuso mbili zilizojeruhiwa zikigusana, fibrini huziunganisha.

Kwa kawaida kimeng'enya kiitwacho plazimini huyeyusha nyuzi hizo, na utando hupona katika siku 5 hadi 7. Lakini ukavu, kuungua na upungufu wa damu katika tishu hudhoofisha kazi hiyo. Fibrini ikidumu kupita siku 3 hivi, seli zitengenezazo kolajeni huingia, kisha mishipa ya damu, na kamba ya kudumu hufanyika. Kamba hiyo yaweza kupinda mirija ya mayai au kubana utumbo. Hivyo mwanamke aliyepasuliwa ili apate kuzaa aweza kuzuiwa na kovu la upasuaji uleule.

Katika upasuaji wa tundu dogo, darubini nyembamba na vyombo virefu hupitishwa katika matundu madogo ya tumbo. Mwaka 1980 Kurt Semm, daktari wa magonjwa ya wanawake wa Kiel, Ujerumani, aliondoa kidole tumbo kwa njia hiyo. Majeraha hupungua, lakini hayaishi: gesi ya kaboni dioksaidi itanuayo tumbo, ikiwa kavu na baridi, huukausha utando.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mkono wa mpasuaji: kushika tishu kwa upole, kuzuia damu bila kuchoma kupita kiasi, kulowanisha utando, kuosha damu iliyobaki na kuvaa glavu zisizo na unga. Ya pili ni kutenganisha nyuso zilizojeruhiwa mpaka zipone, kwa kitambaa cha selulosi kiyeyukacho mwilini, jeli ya asidi ya hayaluroniki, au mmumunyo wa ikodekstrini wa asilimia 4. Vizuizi hivyo husaidia, lakini havichukui nafasi ya upasuaji wa uangalifu.

Zoezi: Ngozi huota seli mpya kutoka kingoni mwa jeraha, peritonea huota pote kwa wakati mmoja. Eleza kwa nini jeraha kubwa la peritonea hupona kwa muda karibu sawa na dogo.