SOMO: NENO "MPAKA"

Leo tujifunze neno ambalo tunalisema kila siku bila kulifikiri.

1. Maana yake
Mpaka ni mahali kitu kinapoishia. Lakini tuangalie vizuri: neno kupakana ni la ukoo mmoja nalo. Shamba lenye mpaka linapakana na shamba la jirani. Kwa hiyo mpaka ni pia mahali pa kukutana. Sisi wa Moba tunaliona jambo hili ziwani. Mpaka wa Kongo na Tanzania unapita ndani ya maji ya Tanganyika. Pale Kongo inapoishia, palepale Tanzania inaanza.

2. Matumizi yake
Tunasema: "Kutoka Moba mpaka Kalemie." Tena: "Ngojea mpaka kesho." Katika Kiswahili cha Katanga tunalifupisha kuwa paka, maana yake "tu": "Niko na paka moja", yaani moja, basi. Na mtu akijitwalia kazi isiyo yake, tunasema amepita mpaka.

3. Katika maisha yetu
Katika Matendo 17:26 Mtume Paulo anafundisha kwamba Mungu aliwawekea wanadamu mipaka ya makao yao. Je, mwombaji peke yake hana mpaka? Nguvu za Mungu hazina mpaka. Mkono wa mtu anayeomba unao.

Hapa kando ya ziwa kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Mgonjwa anaharisha na kutapika, maji yanamwishia mwilini, naye anaweza kufa kwa saa chache tu. Hapo kazi yetu inapakana na kazi ya munganga. Tumpeleke kituo cha afya upesi, tusingoje maombi yaishe. Tuombe tukiwa njiani. Akiweza kunywa, tumpe kidogo kidogo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Aliyelegea kabisa anahitaji serumu, na serumu haipatikani nyumbani mwa maombi.

Mama anayesema, "Nimefika mpaka wangu, tumpeleke mtoto," imani yake haikupunguka. Amejua tu jirani yake ni nani.

Maswali
1. Kwa nini tunasema mpaka ni mahali pa kukutana?
2. Mgonjwa wa kuharisha akiletwa kwetu usiku, nani atamsindikiza kituoni? Tupange majina leo, kabla hajaletwa.