Isimujamii: Sajili ya Waendesha Baiskeli za Milimani

Utangulizi

Isimujamii ni swali la mwisho katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili (102/2). Lina alama 10 kati ya 80. Watahiniwa wengi hulichukulia kuwa swali jepesi, na kwa sababu hiyo hulipotezea alama. Wamekariri sifa za sajili ya mahakamani, hospitalini, sokoni na ya ibada. Siku ya mtihani wanakuta mazungumzo ya watu ambao hawakutajwa katika orodha waliyoikariri. Wanakosa kuitambua sajili, kisha wanaandika sifa zisizohusiana na makala waliyopewa.

Katika somo hili tumechagua sajili isiyozoeleka kwa makusudi. Ukijifunza njia ya kuichambua, hutahitaji kukariri orodha nyingine.

Kumbuka: Sajili ni mtindo wa lugha unaotumika katika muktadha au shughuli maalumu. Unapopewa makala, jiulize maswali matatu:

1. Shughuli kuu ni ipi?
2. Wanaozungumza ni nani, na wana uhusiano gani?
3. Wanazungumza wapi, na kwa njia gani: ana kwa ana, kwa simu au kwa maandishi?

Makala

Soma mazungumzo yafuatayo kwa makini.

(Asubuhi. Kando ya barabara kusini mwa Ziwa Naivasha, karibu na njia panda ya kuingia Mbuga ya Hell's Gate. Vijana wawili wamesimama na baiskeli zao. Fundi ameketi chini ya mti, sanduku la vifaa mbele yake.)

KIJANA I: Umefikaje mapema hivi, msee? Mimi makanga alitaka nilipie baiskeli kiti kizima!

KIJANA II: Lazima ujue kubageni. Nilitoa gurudumu la mbele, ikafungwa juu ya matatu, nikalipa mia moja tu. Kutoka mjini hadi hapa nimekanyaga mwenyewe.

KIJANA I: Na malori ya maua je?

KIJANA II: Wacha tu! Yanapita kama yanafukuzwa. Lakini wafanyakazi wa mashamba ya maua wako barabara hiyo hiyo kila siku na blek mamba. Hakuna gia, hakuna helmeti, na nyuma amebebwa mtu. Sisi tunajiita wanamichezo!

KIJANA I: (Akicheka) Haya, tuko ready? Fundi, shikamoo.

FUNDI: Marahaba, vijana. Hebu iinue hiyo nyuma kidogo. Zungusha gurudumu. Sasa bonyeza breki. Umesikia? Hicho ni chuma juu ya chuma. Pedi zimeisha.

KIJANA I: Zinashika kidogo, mzee wangu. Nitatumia ya mbele.

FUNDI: Ya mbele peke yake, kwenye mteremko wa changarawe? Utaruka juu ya usukani, mwanangu.

KIJANA I: Pedi ni pesa ngapi?

FUNDI: Mia tatu, pamoja na kazi.

KIJANA I: Nimebaki na mia nne. Hiyo ni chakula na nauli ya kurudi.

KIJANA II: Chakula nitanunua mimi. Weka pedi, bwana. Sitaki kumpigia mamako simu ya ajabu jioni.

FUNDI: Nipe mia mbili sasa, mia moja mkitoka. Si mtapita hapa hapa? Na upepo? Naona mmepunguza.

KIJANA II: Kidogo tu, ili tairi ishike mchanga.

FUNDI: Si vibaya, lakini huko ndani kuna miiba. Mna tyubu ya akiba? Viraka? Pampu? ... Vizuri. Mkiona nyati, simameni mbali, msimpigie kengele. Na mkifika korongoni, tazameni mawingu kabla ya kushuka. Maji ya huko hayapigi hodi.

KIJANA I: Tumesikia, mzee. Asante.

Namna ya kuifikia sajili

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupotea. Makala yana maneno makanga, matatu na nauli, kwa hivyo mmoja ataandika "sajili ya usafiri". Yana mia tatu na pesa ngapi, kwa hivyo mwingine ataandika "sajili ya biashara". Yana fundi, pedi na viraka, kwa hivyo wa tatu ataandika "sajili ya gereji". Kila mmoja ameona jambo lililomo katika makala, ila ameshika tawi akaliita shina.

Tumia jaribio hili. Chukua kila kundi la msamiati na ujiulize: jambo hili limetajwa kwa ajili ya nini? Nauli imetajwa kwa sababu baiskeli ilipaswa kufika Naivasha. Bei imetajwa kwa sababu pedi zimeisha. Pedi zimetajwa kwa sababu kuna mteremko wa changarawe mbele yao. Nyati, miiba na korongo vimetajwa kwa sababu watapita huko kwa baiskeli. Mambo yote yanaelekea sehemu moja: safari ya baiskeli katika eneo lenye milima na mabonde. Hiyo ndiyo shughuli kuu. Sajili ni ya waendesha baiskeli za milimani. Mtahiniwa atakayeandika "sajili ya michezo: uendeshaji baiskeli" naye atakuwa sahihi, mradi aithibitishe.

Angalia pia mahali penyewe. Hell's Gate ni mojawapo ya mbuga chache nchini Kenya ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli kati ya wanyama. Ndiyo maana ushauri kuhusu breki na ushauri kuhusu nyati vinatoka katika kinywa kimoja bila mtu kushangaa. Mazingira huamua ni maneno gani yatakayokaa pamoja.

Msamiati wa sajili hutoka wapi?

Kundi la watu huunda maneno pale linapohitaji kutaja jambo ambalo wengine hawana haja ya kulitaja. Baiskeli za milimani zinatupa mfano mzuri. Mchezo huu ulipata nguvu katika miaka ya 1970 huko Kaunti ya Marin, jimbo la California, Marekani. Vijana walichukua baiskeli kuukuu zenye matairi mapana wakateremka nazo kwenye barabara za vumbi milimani. Mwaka wa 1976 walianza mashindano karibu na mji wa Fairfax. Breki ya baiskeli hizo ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na mwendeshaji aliifunga kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Mteremko uliipasha breki joto hadi grisi ikaungua. Baada ya kushuka, ilibidi kitovu kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Kazi hiyo ya kujaza upya ndiyo iliyoyapa mashindano jina la Repack. Kwa asiyejua habari za grisi, jina hilo halina maana yoyote. Kwa wenyewe, lilitosha kueleza ukali wa mlima. Mwaka wa 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki, mjini Atlanta.

Kwetu pia baiskeli imezaa maneno. Bodaboda ilianza kama baiskeli ya kubeba abiria na mizigo mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Neno lenyewe limetoholewa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Leo wengi wakilisikia hufikiria pikipiki. Chombo kimebadilika, jina likabaki. Mfano huu utakufaa ukiulizwa kuhusu utohozi au upanuzi wa maana.

Swali la mfano

(a) Tambua sajili ya makala haya na uithibitishe kwa hoja mbili. (alama 3)
(b) Fafanua sifa tano za lugha zinazojitokeza. (alama 5)
(c) Eleza jinsi uhusiano wa wahusika unavyoathiri lugha yao. (alama 2)

Mwongozo wa majibu

(a) Ni sajili ya waendesha baiskeli za milimani (alama 1). Ithibati: kuna msamiati wa baiskeli, kwa mfano gia, breki, pedi, usukani, tyubu (alama 1). Kuna marejeleo ya mahali pagumu pa kuendeshea, kwa mfano mteremko wa changarawe, korongoni (alama 1).

(b) Zozote tano, alama 1 kwa kila moja:

- Msamiati maalumu: helmeti, pampu, viraka.
- Maneno ya kawaida yaliyopewa maana ya pekee: upepo ni hewa ya tairi, kukanyaga ni kuendesha baiskeli, kushika ni kwa breki kupunguza mwendo, au kwa tairi kutoteleza.
- Utohozi: breki, gia, tyubu, pedi.
- Kuchanganya ndimi: "tuko ready".
- Lugha ya mitaani: msee, kubageni.
- Sentensi za kuamrisha, hasa za fundi: "Zungusha gurudumu", "bonyeza breki".
- Sentensi fupi fupi na za mdokezo: "Viraka? Pampu? ..."
- Tashihisi: "Maji ya huko hayapigi hodi", yaani mafuriko hutokea ghafla.
- Ucheshi: "Sisi tunajiita wanamichezo!"

(c) Vijana ni marafiki wa rika moja, hivyo wanatumia lugha ya mitaani na utani, kwa mfano msee (alama 1). Wanapomgeukia fundi, ambaye ni mkubwa wao, lugha inakuwa ya heshima: shikamoo, mzee wangu. Naye anawajibu kwa lugha ya malezi: vijana, mwanangu (alama 1).

Tahadhari kwa mtahiniwa

1. Sifa bila mfano kutoka kwenye makala haina uzito. Usiandike "kuna utohozi" ukaishia hapo.
2. Mfano usiomo katika makala ni kosa, hata kama ni wa kweli. Neno pedali limo katika maelezo yetu lakini wahusika hawakulitamka. Ukilitumia kujibu (b), utakosa alama.
3. Usirudie sifa moja kwa majina mawili. Lakini neno moja linaweza kutolea ithibati sifa mbili tofauti: breki ni msamiati maalumu na pia ni neno lililotoholewa. Ukiweza, chagua mifano tofauti ili mtahini asiwe na shaka.
4. Usihukumu lugha ya wahusika. "Tuko ready" si kosa la sarufi la kusahihishwa katika swali hili. Ni sifa ya kutajwa na kuelezwa.
5. Kwa swali la alama 10, dakika 15 hadi 20 zatosha. Tumia dakika tano za kwanza kusoma makala mara mbili.

Zoezi

1. Kijana I alitaka kuingia mbugani na breki mbovu. Onyesha jinsi fundi na Kijana II wanavyotumia mbinu tofauti za lugha kumshawishi abadili nia. (alama 4)
2. Chukulia kwamba fundi anaandika ilani ya usalama ya kubandikwa kwenye njia panda hiyo. Taja mabadiliko matatu yatakayotokea katika lugha yake, na utoe sababu. (alama 6)
3. Sikiliza mazungumzo ya mafundi wa baiskeli au wahudumu wa bodaboda katika eneo lako. Andika maneno matano ya kawaida waliyoyapa maana ya pekee, na ueleze kila moja kwa sentensi moja.