Somo la Mwezi: Tuhesabu Gharama ya Bitcoin

Vijana wetu wametuuliza kuhusu bitcoin, fedha ya kompyuta. Wengine wanashawishiwa kuweka humo fedha ambazo ndugu walio ng'ambo wametutumia kwa chakula na karo. Luka 14:28 inatufundisha kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Basi, tuhesabu.

1. Inafanyaje kazi? Bitcoin ilianza mwaka 2009. Haina noti wala benki kuu. Ni daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani. Kila dakika 10 hivi, mashine hizo hushindana kubahatisha namba. Moja hushinda, huandika ukurasa mpya na kulipwa bitcoin.

2. Inakula umeme kiasi gani? Ni kama vinu elfu vingurume usiku kucha, kimoja tu kitoe unga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge wanakadiria umeme huo kuwa mwingi kuliko unaotumiwa na Kenya, Uganda, Tanzania na Kongo kwa pamoja. Hata hivyo, haupotei wote bure: anayetaka kughushi daftari lazima azishinde nguvu za mashine nyingine zote.

3. Je, ina faida? Ndiyo. Kwetu Kongo, Mbuga ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba bitcoin kwa umeme wa maji wa Luviro, ambao ulikuwa haujapata wateja wa kutosha. Watalii walipungua sana mwaka ule, na mapato hayo yaliisaidia mbuga. Pia bitcoin huvuka mpaka bila benki. Lakini mama wa sokoni anapokea fedha ya kawaida. Lazima tumtafute wa kutubadilishia, naye hukata chake.

4. Hatari iko wapi? Aliyeweka dola 100 mwezi Novemba 2021, bei ilipokuwa juu kuliko wakati wowote kabla ya hapo, mwaka mmoja baadaye alibaki na karibu dola 25. Ukisahau neno la siri, au ukituma kwa tapeli, hakuna ofisi ya kulalamikia.

Tunashauri hivi: fedha ya unga, dawa na karo isiingie humo. Anayetuahidi faida ya hakika tumkimbie, hata kama tunasali naye.

Tujadili nyumbani: Fedha yetu ikipungua hadi robo, nani atalala njaa?