Kodi ya Nyumba katika Beni na Butembo: Maswali na Majibu

Mimi ni mjane wa hapa Mulekera. Mtoza kodi alikuja akaitazama nyumba, akaandika kiasi katika karatasi, akaenda zake. Nitajuaje kama alikadiria kwa haki?

Mama, kodi hii, kwa mujibu wa sheria ya tarehe 10 Februari 1969, haikadiriwi kwa kumtazama mtu usoni, bali kwa daraja ya mahali nyumba iliposimama na kwa namna ya jengo lenyewe, kwani vila hupimwa kwa mita za mraba, na majengo mengi mengineyo hutozwa kiasi maalumu. Basi mwombe akuandikie bayana daraja aliyoitumia na vipimo alivyovipata. Afisa aijuaye kazi yake hachukii kuulizwa hesabu.

Lakini liko jambo kubwa kuliko hilo, nalo wengi hawakuambiwa. Sheria hiyo hiyo inamsamehe mjane, na kadhalika mwenye nyumba aliyepita umri wa miaka 55, kodi ya nyumba anayokaa mwenyewe, iwapo anaishi humo peke yake au pamoja na watoto wake, na kipato chake ni kidogo. Msamaha huo hauji wenyewe: sharti uandike tamko lako ofisini kila mwaka. Katika nchi hii yetu, ambamo mauaji yaliyoanza Oktoba 2014 yamewaacha wanawake wengi bila waume, naona ni dhuluma mjane kulipa asichodaiwa kwa sababu tu hakuna aliyemsomea sheria, na ningependa chefu wa kila kartie aitangaze habari hii.

Kodi hii ni ya nani, ya Kinshasa au ya jimbo?

Ni ya jimbo. Katiba ya 2006, katika ibara ya 204, imeliachia jimbo kodi ya ardhi na nyumba, ya mapato ya pango na ya magari. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, serikali ya jimbo imehamia Beni.

Nimepanga nyumba Butembo, na mwenye nyumba ananiambia kodi ya serikali ni juu yangu. Ni kweli?

La, ndugu yangu. Kodi ya nyumba ni dhima ya mwenye mali. Iko nyingine ya mapato ya pango, ambayo kwa miaka mingi imekuwa asilimia 22, nayo pia ni ya yule apokeaye pango, hata pale mpangaji anapotakiwa kuikata na kuipeleka kwa niaba yake.

Mtoza kodi akitaka fedha taslimu mlangoni?

Usimpe. Omba hati ya malipo, ulipe benki, uhifadhi stakabadhi. Ukiona kiasi kimezidi, andika malalamiko mapema, uyapeleke mwenyewe, na usiondoke kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe.