Uchovu humficha mtu makosa yake

Je, wewe hulala saa 6 tu kila usiku na kujisifu kwamba umezoea? Jihadhari. Katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2003, watu wazima wenye afya waliruhusiwa kulala saa 4 au 6 tu kwa siku 14 mfululizo. Umakini wao ulidorora, wakawa kama watu waliokesha usiku mmoja au hata miwili. Hata hivyo, walipoulizwa hali yao, walisema wana usingizi kidogo tu.

Hivyo basi, mfanyakazi aliyechoka hawezi kujipima peke yake. Nyani haoni kundule. Mwombe mwenzako akuambie faraghani anachokiona, tena ataje kitendo chenyewe: "Mzee, risiti hii umeiandika mara mbili," badala ya, "Siku hizi umelegea." Ukiambiwa, usikasirike wala usijitetee. Shukuru, ikague kazi upya, na usiku huo ulale mapema. Kwa dereva, muuguzi au fundi wa mitambo, neno kama hilo laweza kuokoa maisha.