Breki za Nyuma: Je, Tung'oe Ngoma Tutie Diski?

Safari hii somo letu linatoka gereji. Huenda mtu akauliza, "Kiswahili na breki, wapi na wapi?" Jibu ni rahisi. Lugha isiyoingia gereji haimfai fundi, na fizikia isiyotoka darasani haimfai abiria.

Suala lenyewe ni hili. Magari mengi ya zamani yana breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Siku hizi wako wenye magari wanaotaka kung'oa ngoma za nyuma na kutia diski, ati gari lisimame haraka zaidi. Je, ni kweli? Tuanze mwanzo.

Ngoma na diski

Breki ya ngoma ni kama sufuria ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vilivyopinda kama mwezi mwandamo. Mafundi wetu huviita breki shuu. Dereva akikanyaga breki, mafuta husukuma silinda ndogo, nayo husukuma viatu hadi vikaikwaruza ngoma kwa ndani. Breki ya diski ni sahani ya chuma iliyo wazi. Kalipa huibana sahani hiyo kwa pedi mbili, kama vile unavyoushika ukurasa wa kitabu kwa kidole gumba na cha shahada.

Fikra ya diski si ngeni. Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili mwaka wa 1902. Sifa zake zilivuma mwaka wa 1953, wakati Jaguar zenye breki za diski ziliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa.

Joto linakwenda wapi?

Hebu tukumbuke somo la nishati. Gari lenye uzito wa kilo 1,800 pamoja na abiria, likienda kilomita 80 kwa saa, lina nishati mwendo ya jouli 444,000 hivi. Likisimama, nishati hiyo haipotei. Karibu yote hugeuka joto ndani ya breki. Joto hilo latosha kuchemsha maji ya lita moja na zaidi yaliyokuwa nyuzi 20.

Hapo ni kusimama mara moja tu. Sisi wa Machakos tunaijua milima, iwe ya Mua au ya Iveti. Gari hilohilo likishuka mita 200 kwenda chini, huwa limetoa jouli zipatazo 3,600,000. Dereva akitoa gia ili abane petroli, karibu mzigo wote unaziangukia breki. Huko Salgaa, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, tabia hiyo ya kuteremka bila gia imetajwa mara nyingi katika ajali za malori. Ukishuka mlima, tumia gia ndogo, injini isaidie kulizuia gari.

Diski inashinda hapa. Iko wazi, upepo unaipoza. Ngoma hufungia joto ndani, kisha hupanuka na kuviacha viatu nyuma, na dereva huona pedeli inazidi kwenda chini. Tena ukivuka mto, maji huingia ndani ya ngoma na kukawia kutoka, lakini diski huyarusha upesi.

Mbona basi nyuma kukawa na ngoma?

Umewahi kusimama ndani ya basi dereva akafunga breki ghafla? Nyote mlikwenda mbele! Uzito wa gari nao hufanya vivyo hivyo. Magurudumu ya mbele hulemewa na ya nyuma huwa mepesi. Kwa hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya zaidi ya nusu ya kazi. Ukitia diski nzuri nyuma na kuacha pedi za mbele zimekwisha, umevaa viatu vipya na suruali imeraruka.

Ngoma ina sifa zake pia. Inapozunguka, hukivuta kiatu cha mbele kijibane chenyewe, hivyo haihitaji nguvu nyingi za mguu. Hendibreki yake ni rahisi kutengeneza. Isitoshe, kwa kuwa imefunikwa, mawe ya barabara hayaigusi.

Tazama mfano wa Peugeot 504, gari lililopendwa sana Kenya na lililoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na 1978. Saluni zake za kwanza za mwaka wa 1968 zilikuwa na diski kwa magurudumu yote manne. Stesheni wagoni, ile iliyobeba abiria na magunia, ilikuwa na ngoma nyuma, na ekseli yake ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Kumbe hata jina likiwa moja, huwezi kuchukua diski za saluni ukazifunga tu kwenye wagoni!

Ukiamua kubadilisha

Mambo haya lazima fundi ayajibu kabla ya kushika spana:

1. Masta silinda. Kalipa hutaka mafuta mengi kuliko silinda ya ngoma. Masta silinda ikiwa ndogo, pedeli itafika sakafuni.

2. Vali ya shinikizo. Mifumo mingi ya ngoma ina vali inayobakiza shinikizo kidogo kwenye paipu. Ikiachwa, pedi zitaendelea kuibana diski na kuichoma.

3. Busta. Diski haijibani yenyewe, kwa hiyo mguu wa dereva unahitaji msaada.

4. Mizani ya mbele na nyuma. Hili ndilo kubwa. Magurudumu ya nyuma yakikwama kabla ya ya mbele, mkia wa gari huchomoka na gari likageukia lilikotoka. Kazi ikiisha, gari lijaribiwe mahali pa wazi, kisha likaguliwe.

5. Hendibreki. Kalipa iwe na mkono wake wa hendibreki, au diski iwe na ngoma ndogo katikati. Gari lisilo na hendibreki ni jiwe juu ya mlima.

Kauli yetu

Kubadilisha si kosa, na kwa anayeshuka milima na mzigo kila siku kunaweza kufaa. Lakini kwanza mwenye gari ajiulize: ngoma zimeharibika, au zimesahauliwa? Mara nyingi dawa ni viatu vipya, silinda zisizovuja, kurekebisha nafasi ya viatu, kubadilisha mafuta ya breki na kutoa hewa. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo huchemka breki zikipata moto. Tumia aina iliyoandikwa na mtengenezaji, kama DOT 3 au DOT 4. Usithubutu kutia oili ya injini, huharibu raba. Tena vumbi la viatu vya zamani lisipulizwe, kwani vingi vilikuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Ilowesheni kwanza, kisha mpanguse.

Breki si kipande kimoja; ni jamaa nzima, na mmoja akiugua wote hawalali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa breki, wenzangu, ukuta wenyewe huenda usipate nafasi ya kuujenga.

Zoezi

(a) Kwa nini breki za mbele hufanya kazi kuliko za nyuma?
(b) Gari likiongeza mwendo maradufu, nishati mwendo yake huongezeka mara ngapi?
(c) Tunga sentensi ukitumia: ngoma, kiatu, silinda. Kila neno lipe maana mbili, ya gereji na ya nyumbani.